Rangi Ngumu Sakafuni mwa Gereji: Jinsi ya Kuiondoa

Mimi ni Afisa Elimu wenu, nazungumza nanyi kutoka Babati. Kwa ninyi mnaosoma ukurasa huu bila kusikia redio, maneno ni yale yale. Someni polepole. Penye neno gumu simameni, mwulizeni mwalimu wenu, kisha endeleeni.

Somo la leo ni la kazi ya mikono. Tutazungumza juu ya kuondoa rangi ngumu ya zamani, iitwayo epoksi, katika sakafu ya gereji. Labda mwingine atasema, "Mimi sina gereji wala gari. Somo hili lanihusu nini?" Ngoja kidogo. Huenda kijana wako ni kibarua wa gereji. Huenda wewe mwenyewe ni fundi rangi, au wafagia ghala, au nyumba yako imepakana na ukuta wa gereji. Vumbi halimwulizi mtu kama yeye ni mwenye mali au mpita njia.

Babati yetu ni mji wa njia panda. Barabara ya kutoka Arusha huingia hapa. Kisha moja huenda Kondoa na Dodoma, na nyingine huenda Katesh na Singida. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi hapa, yenye kilometa 251, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018. Palipo na magari pana gereji, na palipo na gereji pana mafuta sakafuni. Kwa sababu hiyo wako wenye gereji wanaopaka sakafu epoksi, ili saruji isinywe mafuta, na sakafu isafishike upesi. Kazi ikifanywa vizuri, rangi hiyo hukaa miaka mingi. Ikifanywa vibaya, huanza kubambuka kama ngozi ya nyoka. Ndipo mwenye mali humwita fundi na kumwambia, "Iondoe."

Leo nataka mkumbuke mambo mawili. La kwanza: usiiondoe rangi kabla hujajua kwa nini imebambuka. La pili: kinachotoka sakafuni kisiingie kifuani mwako.

EPOKSI NI KITU GANI?

Rangi ya maji hukauka maji yake yanapopanda hewani. Epoksi haikauki hivyo. Huja katika makopo mawili. Kopo la kwanza lina utomvu mzito. Kopo la pili lina dawa ya kugandishia. Vikiwa mbalimbali, vyote viwili ni vya majimaji. Vikichanganywa hushikana, hutoa joto, na baada ya saa kadhaa huwa kitu kimoja kigumu. Kitu hicho hakirudi tena kuwa majimaji. Ni kama yai. Ukisha kulichemsha, hata ukilitia katika maji baridi, halirudi kuwa bichi.

Utomvu huu ulipatikana kwa kazi ya watu wawili waliokuwa mbali mbali, katika miaka ya 1930 na 1940. Mmoja ni Pierre Castan wa Uswisi. Yeye alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia. Wa pili ni Sylvan Greenlee wa Marekani, aliyekuwa akitafuta rangi bora. Basi fikirini wenyewe: kitu kilichotafutwa ili kitafune chakula kinywani hakitaondoka sakafuni kwa maji na sabuni.

Kwa sababu epoksi imekwisha kugeuka, dawa nyingi ambazo watu huzijaribu hazifai kitu. Wako wanaomwaga petroli. Petroli haiyeyushi epoksi iliyoganda, ila mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni mpaka ukutane na jiko au cheche, na hapo moto hulipuka. Wako wanaomwaga asidi ya betri au asidi ya kusafishia vyoo. Asidi hiyo hula saruji pembeni, na epoksi yabaki ikimtazama fundi. Wako wanaochoma kwa moto wa gesi. Epoksi ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na unyevu uliomo ndani ya zege hugeuka mvuke na kupasua uso wa zege. Njia zote tatu ziacheni.

SAKAFU IULIZWE KWANZA

Tuseme fundi ameitwa na mzee mmoja mwenye gereji kando ya barabara ya Singida. Sikilizeni mazungumzo yao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Tazama sakafu yangu. Miaka mitatu tu, na rangi yaondoka. Walioniuzia waliniuzia kitu kibovu."

"Huenda ikawa, mzee. Lakini niruhusu kwanza niiulize sakafu."

"Sakafu yasema?"

"Yasema, mzee, ila lazima uiinamie."

Huyu ni fundi mwenye akili. Anaokota gamba moja la rangi iliyobambuka, naye hautazami uso wake wa juu. Analipindua. Habari yote iko upande wa chini wa gamba. Nanyi jifunzeni kusoma upande huo kama mnavyosoma ukurasa huu.

Ukiona unga wa kijivu umegandamana na gamba, ujue rangi ilishika vizuri, lakini ilishika kitu dhaifu. Saruji ikimwagwa na maji mengi kupita kiasi, utando laini hupanda juu yake na kukauka kama ukoko wa uji. Utando huo haukuondolewa kabla ya kupaka. Umebambuka wenyewe, ukaichukua rangi pamoja nao.

Ukiona gamba lina utelezi au harufu ya mafuta, ujue saruji ilikuwa imekunywa oili kabla ya kupakwa.

Ukiona gamba ni bichi, au lina chumvi nyeupe, ujue maji yapanda kutoka ardhini. Sakafu nyingi humwagwa juu ya mawe na udongo bila kutandikwa nailoni chini. Siku za masika ardhi hulowa, na unyevu hupanda polepole ndani ya zege. Ukikuta rangi imefunga njia, huisukuma.

Ukiona gamba ni safi na linang'aa kama kioo, ujue sakafu ilisuguliwa kwa mwiko hata ikawa laini mno. Rangi haikupata mahali pa kuuma.

Na ukiona rangi imetoka katika sehemu mbili tu, pale pale magurudumu yanaposimama, ujue joto la matairi limechangia. Gari likitoka safari ya mbali matairi huwa ya moto. Epoksi dhaifu hulainika kidogo kwa joto, hushikwa na tairi, na gari likiondoka huinuliwa.

Basi yule mzee alisema rangi ni mbovu. Fundi amepindua gamba na kukuta chumvi nyeupe. Je, mzee akinunua rangi nyingine ya bei kubwa zaidi, na maji yangali yakipanda chini, atapata faida gani? Atalipa mara ya pili kwa kosa lile lile. Ndiyo maana twasema sakafu iulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

PIMA KABLA YA KUKWANGUA

Sasa chukueni kalamu. Gereji ya yule mzee ina urefu wa meta 6 na upana wa meta 4. Sita mara nne ni 24. Kwa hiyo sakafu ina meta za mraba 24. Fundi achukue chaki, achore miraba, kila mmoja meta moja kwa meta moja. Atapata miraba 24.

Kisha agonge kila mraba kwa mpini wa nyundo. Penye rangi iliyoshika, mlio ni mkavu na mfupi. Penye rangi iliyoachana na saruji, mlio ni kama wa mtungi mtupu. Hapo atie alama ya msalaba. Baada ya kugonga, akate mstari kwa kisu katika rangi na kujaribu kuinua ukingo wake. Ukiinuka kwa urahisi, alama ya msalaba tena.

Tuseme miraba 9 ina misalaba, na miraba 15 imeshika imara. Kazi ya lazima ni miraba 9, wala si 24. Rangi iliyoshika imara haina haja ya kung'olewa. Yatosha kuiparuza uso, na kulainisha kingo pale inapokutana na saruji tupu. Kila mraba usiosagwa ni vumbi ambalo halikutoka. Lakini ikiwa misalaba imetapakaa kila mahali, ndipo uiondoe yote.

VUMBI LA SAKAFU

Hapa nawaomba msikilize vema zaidi, kwa maana jambo hili ni la uhai.

Zege lina mchanga na kokoto, na katika mchanga huo mna madini yaitwayo silika. Yakiwa ndani ya zege hayana madhara. Ukisaga zege kwa mashine, silika hutoka kama vumbi. Vumbi unaloliona likiruka katika mwali wa jua ni lile kubwa. Lile baya ni dogo sana, chini ya sehemu ya mia moja ya milimeta, nalo laweza kuelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Hilo hupita puani na kooni, na kufika chini kabisa ya pafu. Hapo hubaki. Pafu hujaribu kulizungushia kovu. Kovu juu ya kovu, pafu huwa gumu, na mtu hukosa pumzi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Tena mtu mwenye silika mapafuni hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenzake. Na mwaka 1997 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani lilitia vumbi la silika katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Sisi watu wa Manyara tusiseme kwamba habari hizi ni za mbali. Mererani, katika Wilaya ya Simanjiro, ni mkoani mwetu. Huko wachimbaji wa tanzanite hutoboa miamba, na vumbi la silika limekuwa adui yao. Wengi wamekwenda kutibiwa vifua katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro.

Na tazameni pia jambo lililotokea Marekani. Mwaka 1930 na 1931, mahali paitwapo Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, watu walitoboa mlima ili kupitisha maji ya mto. Mwamba ule ulikuwa na silika nyingi. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi waliotoka mbali kutafuta riziki. Walitoboa kukavu, bila maji ya kutuliza vumbi, na bila vifuniko vya pua. Mamia yao wakafa. Tangu zamani ilijulikana kwamba maji hutuliza vumbi. Lakini kutoboa kukavu kulikuwa kwa haraka zaidi, na haraka ile ililipwa kwa vifua vya watu.

Sasa rudini gerejini kwetu. Kazi ya siku mbili si sawa na kazi ya mgodini. Lakini kibarua hafanyi kazi katika gereji moja tu. Leo asaga hapa, kesho akata vigae kule, keshokutwa atoboa ukuta. Kila siku yaacha vumbi kidogo kifuani, na kifua hakifagiliki.

Huyu hapa kibarua wa fundi wetu, kijana wa miaka kumi na tisa.

"Fundi, nimejifunga kitambaa puani. Tuanze."

"Mwanangu, umepata kuwaona wavuvi wa ziwani?"

"Nimewaona, fundi."

"Waweza kuchekecha unga kwa wavu wao?"

"Hapana, utapita wote."

"Basi na kitambaa chako ni wavu. Vumbi hili ni unga."

Kitambaa, leso, wala barakoa nyepesi ya karatasi haizuii vumbi hili. Inayofaa ni barakoa ngumu inayobana uso pande zote. Isomeni kabla ya kununua. Tafuteni juu yake herufi na namba hizi: N95, au FFP2, au FFP3. Herufi na namba hizo mwazijua sasa. Mwenye ndevu nyingi anyoe, kwa maana hewa hupita kandokando ya ndevu.

Mwajiri naye anayo kazi yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka alinde afya ya anaowaajiri. Barakoa si zawadi ya kumwomba mkubwa. Ni sehemu ya kazi, kama nyundo.

SOMA KOPO

Ziko dawa za kulainisha epoksi. Hupakwa, huachwa, kisha rangi hukwanguliwa. Baadhi yake ni nzuri, na moja ni mwuaji. Jina lake kwenye kopo huandikwa METHYLENE CHLORIDE, au DICHLOROMETHANE. Ikiwa maneno hayo ni marefu, tafuteni namba hii: 75-09-2. Namba hiyo ni ya dawa hii peke yake, nayo ni ile ile katika nchi zote, hata kopo likiandikwa kwa lugha msiyoijua. Iandikeni mara tatu katika madaftari yenu: sabini na tano, sifuri tisa, mbili.

Kwa nini twaiogopa? Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hulala sakafuni, na fundi wa sakafu hufanya kazi akiwa amepiga magoti, pua yake karibu na sakafu. Kwanza kichwa humzunguka, kisha huzirai, na katika chumba kilichofungwa hufa. Hata ndani ya mwili, dawa hii hugeuka kuwa hewa ile ile ya sumu inayotoka katika jiko la mkaa, nayo huunyima moyo nguvu. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke huu hata kidogo. Watu wamekufa kwa dawa hii wakiondoa rangi. Kwa hiyo mwaka 2019 Marekani ilikataza isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kuondolea rangi, na mwaka 2024 ikakataza matumizi yake mengine mengi. Ukikuta namba hiyo kwenye kopo, lirudishe dukani.

Ziko dawa nyingine zenye alikoholi ya benzili. Hizo ni za polepole, pengine huachwa usiku kucha, lakini mvuke wake hauna ukali ule. Hata hizo zitumieni milango ikiwa wazi, mkivaa glavu za mpira na miwani ya kazi.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Kwanza, toa vyombo vyote. Fungua milango na madirisha. Watoto na kuku wakae mbali. Funga chakula na maji ya kunywa. Ikiwa hujui rangi ya zamani ni ya aina gani, ihesabu kuwa ina risasi, kwa maana rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto hudhurika zaidi kuliko mtu mzima.

Pili, lowesha sakafu kidogo na uanze na rangi iliyolegea. Tumia chuma bapa kilichonolewa chenye mpini mrefu. Kiingize chini ya gamba na kusukuma. Miraba mingi yenye misalaba itatoka kwa njia hii peke yake, bila dawa wala mashine. Anza na mkono kabla ya umeme. Mkono hauna vumbi jingi.

Tatu, rangi iliyobaki kidogo ilainishwe kwa dawa na kukwanguliwa. Ikiwa ni nyingi, isagwe. Karatasi ya msasa haifai, kwa sababu epoksi hupata joto, hulainika, na kuuziba. Kinachofaa ni gurudumu la kikombe lenye chembe za almasi. Msishangae kusikia almasi. Si ile ya pete, bali ni chembe ndogo zinazotengenezwa viwandani. Gurudumu hilo hufungwa katika grainda, na juu yake hufungwa kifuniko chenye bomba la kunyonya vumbi. Mashine inayonyonya iwe na chujio la vumbi laini. Fagio si chujio, wala mfuko wa khanga si chujio.

Ukikosa mashine ya kunyonya, waulize mafundi wa terazo. Wao wana mashine ya kusagia sakafu kwa maji. Wape mawe yenye chembe kubwa, kwa sababu mawe laini huzibwa na epoksi. Maji hukamata vumbi kabla halijaruka. Lakini angalieni: mashine ya umeme isiyotengenezwa kwa kazi ya maji isikaribie maji kabisa. Umeme huua upesi kuliko vumbi.

Nne, usifagie kukavu. Nyunyiza unga wa mbao uliolowanishwa, kisha ukusanye vyote pamoja. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani. Zivue hapo hapo na uzifue peke yake, zisichanganywe na nguo za mtoto.

TAKA ZIENDE WAPI?

Magamba ya rangi yatiwe katika gunia imara na kufungwa. Yasichomwe moto, wala yasitupwe mtaroni. Ninyi wa Babati mwajua mteremko wa mji wetu. Mvua ikinyesha, kilicho mtaroni huelekea ziwani. Ziwani mna samaki, na samaki huja mezani. Tope la saruji lililotoka kwenye mashine ya maji lisimwagwe pia, kwa maana ni kali na huchubua ngozi. Liache ndani ya ndoo mpaka litulie na kukauka, kisha liwekwe pamoja na magamba. Ulizeni ofisi ya afya ya Halmashauri taka hizo zipelekwe wapi.

SAKAFU IMEBAKI TUPU, SASA JE?

Sasa sakafu ipimwe mara mbili.

Kipimo cha kwanza ni cha mafuta. Dondosha matone ya maji juu ya saruji. Yakinywewa na kuacha doa jeusi, saruji iko wazi. Yakikaa juu kama umande juu ya jani la gimbi, bado mna mafuta au rangi. Sugua kwa sabuni na maji ya moto, suuza, upime tena.

Kipimo cha pili ni cha unyevu. Kata nailoni nzito yenye sentimeta 45 kila upande. Ilaze juu ya saruji kavu, ubandike kingo zote nne kwa utepe, hewa isipite. Iache saa 16 au zaidi. Ukiibandika saa kumi na mbili jioni, waweza kuifunua saa nne asubuhi ya pili yake. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji imegeuka nyeusi, maji yangali yakipanda.

Fundi wetu alifanya vipimo vyote viwili. Tone lilinywewa vizuri. Chini ya nailoni alikuta jasho.

"Mzee, sikushauri kupaka tena mwaka huu."

"Lakini fundi, wewe si ndiye mpakaji? Wakataa kazi?"

"Nikipaka nitapata pesa yako, mzee, nawe utapata magamba. Chimba kwanza mtaro wa kupitisha maji ya mvua nyuma ya ukuta ule. Masika yakipita, tupime tena. Tukikuta jasho tena, sakafu ibaki saruji tupu. Saruji tupu iliyo safi si aibu."

Mzee alinyamaza, akaitazama nailoni, kisha akauliza bei ya kuchimba mtaro.

Wanafunzi, mnakumbuka au mmesikia habari za mwaka 1973, watu wa nchi nzima walipokusanyika kusikiliza masomo ya redio yaitwayo Mtu ni Afya? Walisikiliza kwa vikundi, wakasoma vitabu vyao, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Somo halikuishia masikioni. Nanyi fanyeni hivyo. Kabla ya wiki ijayo, kila mmoja aende katika duka la rangi au gereji iliyo karibu, asome kopo moja na barakoa moja, na aandike alichokisoma.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Kwa nini epoksi iliyoganda hairudi kuwa majimaji?

2. Pindua gamba la rangi lililobambuka mahali popote mjini. Upande wa chini wasema nini?

3. Gereji ina urefu wa meta 8 na upana wa meta 5. Miraba 12 ina misalaba. Miraba mingapi imeshika imara?

4. Andika bila kutazama namba ya dawa inayoua.

5. Kijana wako ameajiriwa kusaga sakafu, naye hakupewa barakoa. Wewe mzazi utamwambia nini mwajiri? Andika maneno hayo kwa sentensi tatu, kisha msomee mwenzako.

Nawatakieni kazi njema. Kwaherini.